Namba Tisa Chini ya Rundo

Mjukuu wangu wa kike, anayefanya kazi Dar, alikuja kunisalimia hapa Misugusugu akiwa na kompyuta yake ya kukunja. Kazi yake ni kuiandikia mashine maagizo, nayo mashine itii. Siku hiyo alikuwa akitengeneza orodha ya masanduku ya ghala moja la huko Zegereni, akawa anasonya peke yake. Mimi nilikuwa barazani naikwangua randa kutu. Akaniita nikaone mashine iliyosoma inavyofanya ujinga.

Nikavaa miwani. Alikuwa ameiagiza ipange namba za masanduku, ndogo itangulie, kubwa ifuate. Mashine ilikuwa imepanga hivi: moja, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mpaka kumi na tisa, ndipo ikaja mbili. Nyuma ya mbili ikaja ishirini na wenzake. Tatu ilikuwa imesukumwa huko chini, baada ya ishirini na tisa.

Akanieleza kwamba lugha ile ya kompyuta ndivyo ilivyo. Usipoiambia waziwazi kuwa hizi ni namba, inazichukua kama maneno. Inaanza kutazama alama ya kwanza. Kila kilichoanza na moja kinatangulia kila kilichoanza na mbili, hata kama kile cha moja ni kumi na tisa. Alisema watu wengi wenye elimu zao wameshikwa na mtego huo.

"Basi tisa iko chini kabisa," nikasema.

Alikuwa hajaifikia. Akaishusha orodha kwa kidole, akaikuta tisa imekaa mwisho, nyuma ya themanini na kitu. Akanigeukia. "Babu, umejuaje?"

Nikamwambia mtu mzima anajua mengi, nikarudi kwenye randa yangu. Hilo halikuwa jibu, lilikuwa kukimbia, na mimi katika kukimbia nina uzoefu.

Nilijua kwa sababu mashine ile ilifanya kilekile nilichofanya mimi kwa mikono hii, kule Kisarawe, mwaka wa kuhamia vijijini. Tofauti ni moja. Mashine haikuwa na mtani wa kumcheka.

Nianze na mimi mwenyewe, maana sipendi mtu anionee huruma. Sikusoma. Niliishia darasa la pili kwa sababu baba alisema mikono inatosha, na kweli imetosha. Useremala nilijifundisha kwa kuvunja viti vya watu na kuvirudishia kabla hawajajua. Milango mingi ya Maili Moja, hapa Kibaha, imepita mkononi mwangu, na wenye shahada zao wanaigonga kwa adabu wakitaka kuingia. Nayasema haya ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani hata wakati ule, nikiwa kijana mwenye mke mmoja na msumeno mmoja: sikupenda kuonekana sijui.

Ulipokuja mwito wa watu wazima wote kujifunza kusoma, mimi nilikaa kiti cha mbele. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja wa bara, mkali, aliyetufundisha jioni baada ya shamba, kabla jua halijazama. Zoezi alilolipenda lilikuwa la kadi. Alituandikia majina kwenye vipande vya karatasi ngumu, akavichanganya, akatuambia tuvipange. Alikuwa akipita nyuma yetu na kurudia: tazama herufi ya kwanza, usiruke, zikifanana ndipo utazame ya pili. Wazee walikuwa wanatoka jasho. Mimi nilikuwa namaliza wa kwanza, kisha nakaa nimekunja mikono ili kila mtu aone nimemaliza.

Basi tukaambiwa tuhame. Sisi tulikuwa tumetawanyika, huyu na mikorosho yake bondeni, yule na mihogo yake mlimani, na kijiji kipya kilikuwa kikipimwa kwenye uwanda mwekundu ambako serikali ilikuwa imechimba kisima cha pete za saruji. Kisima kimoja tu. Mkutano ulikaa ukakubaliana jambo ambalo kila mtu aliliona la haki: tutaandikishwa kwa foleni, na aliyeandikishwa mapema atapewa kiwanja mapema, kuanzia kisimani kwenda nje. Viwanja kumi vya kwanza vitakizunguka kisima, na hao ndio watakuwa shina la kwanza la nyumba kumi. Wengine watafuata safu kwa safu mpaka kwenye mteremko, ambako kila mtu alijua masika maji yanasimama.

Siku ya kuandikishwa nilifika alfajiri nikajiona hodari. Nikakuta watu tisa mbele yangu. Aliyekuwa mbele yangu kabisa alikuwa mama mmoja wa Kinyamwezi, na pembeni yake, kwenye kigoda, mumewe. Wote wawili walikuwa wamenizidi umri kwa mbali. Walikuwa wameteremka kutoka bara zamani kuja kukata mkonge, na huo mkonge ndio uliomla yule mzee macho: ncha ya jani ilimchoma jicho moja, na la pili likafuata polepole kama linamwonea mwenzake huruma. Mimi ni Mzaramo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na kwa asiyejua, utani kwetu si mchezo wa midomo tu. Mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kuku wako, kukulalia kitanda chako, nawe huruhusiwi kununa.

"Shikamoo, mtani," nikamwambia yule mzee. "Mpagazi mzima bado unaogopa kubaki nyuma?"

"Marahaba, mwizi wa nazi," akajibu bila kugeuka. "Tulifika pwani tukawakuta mnapiga ngoma. Tukatua mizigo tucheze kidogo. Ndiyo maana mpaka leo hatujarudi kwetu."

Foleni nzima ikacheka. Kwenye bega lake alikuwa na kamba ya katani, imekunjwa mizunguko mingi, nene kama kidole gumba. Nikamuuliza kama amekuja kumfunga katibu. Mkewe ndiye aliyenieleza. Kule walikotoka, mzee alikuwa amefunga kamba kutoka mlangoni mpaka kwenye kijito, kutoka mti mpaka mti, na kila asubuhi alikuwa akiishika kwa mkono mmoja na ndoo kwa mkono mwingine akajichotea maji yake mwenyewe. Alikuwa hataki kuchotewa. Alisema mtu asiyejitekea maji ya kunawa ni mzigo, na yeye mizigo ameibeba ya kutosha, hataki kuwa mmoja wao. Kamba hii mpya ameisuka mwenyewe kwa kupapasa, tangu siku waliposikia habari ya kisima. Ndiyo maana mama yule alikuwa ameamka usiku akamwongoza mumewe mwendo wa saa tatu. Mama alikuwa amekwisha kuhesabu watu: wao wa tisa. Viwanja kumi vinazunguka kisima. Kamba itafika.

"Wewe wa kumi, mtani," mzee akaniambia. "Utakuwa jirani yangu. Mungu ana majaribu yake."

Karani akatuandika. Kila kaya kadi moja, namba juu pembeni, jina la mwenye kaya chini yake. Mzee akawa tisa, mimi kumi. Mpaka mchana zikatimia kaya themanini na sita.

Wiki ya kugawa viwanja karani akashikwa na homa. Kadi zake zilikuja kwenye boksi la sabuni nyuma ya lori la wilaya, na njia ile ya Kisarawe unaijua au huijui, ina mashimo ya kumtapisha mtu. Boksi likapinduka. Kadi zikafika zimechanganyika, nyingine zimelowa. Afisa aliyekuja nazo, kijana mwenye haraka na kofia ya jua, akauliza nani kati yetu anajua kusoma vizuri azipange kabla ya saa nane, maana kesho yake alikuwa na kijiji kingine.

Nilikuwa nimesimama kabla hajamaliza kusema.

Nikaingia kwenye chumba cha ofisi, nikafagia sakafu, nikapiga magoti. Sasa niseme wazi: mimi nilikuwa najua kuhesabu. Mbao nilikuwa nazihesabu, misumari nilikuwa naihesabu, hakuna mtu aliyewahi kunidhulumu ubao. Lakini kuhesabu kulikuwa kitu cha mikono, na kadi zilikuwa kitu cha darasani, na darasani nilifundishwa njia moja. Tazama alama ya kwanza, usiruke. Nikazigawa kadi mafungu kwa alama ya kwanza. Fungu la moja, fungu la mbili, fungu la tatu. Mafungu tisa sakafuni, yamenyooka kama mbao zilizopigwa randa. Kisha ndani ya kila fungu nikatazama alama ya pili. Kazi ikaenda kama maji. Moyoni nikasema, mwalimu angeniona sasa.

Fungu la tisa lilikuwa na kadi moja tu. Nililiona. Nakumbuka nililiona, kadi ile imekaa peke yake sakafuni wakati mafungu mengine yamerundikana kadi nane mpaka kumi na moja. Nikaiokota, nikasoma jina, nikacheka. Mtani wangu. Nikayabeba mafungu moja juu ya jingine, na ile yake ikaingia chini kabisa, na nikasema kwa sauti, humo chumbani peke yangu, leo nimekupata, mpagazi wewe.

Kosa lilikuwa kosa. Kile kicheko ndicho kilichokuwa changu.

Afisa aliangalia kadi ya juu, akaona moja, akaridhika. Akanigonga begani mbele ya mkutano wote, akasema hii ndiyo faida ya elimu ya watu wazima, mwenzenu amefanya kwa saa moja kazi ya karani ya kutwa. Watu wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi kabla ya siku ile. Mlango ukiutengeneza vizuri, mtu anaufungua tu anapita.

Tukaenda uwandani. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa, nami nilikuwa mmoja wa waliovuta kamba ya kupimia siku iliyotangulia. Afisa akawa anasoma majina, si namba. Wa kwanza mwenyekiti wa kijiji. Wa pili, mimi. Nikastuka kidogo, nikasema labda baadhi ya watu wamehama wilaya. Nikasimama kwenye kiwanja changu, kwenye duara la kisima. Wakafuata watu ambao nilijua walikuja nyuma yangu kwenye foleni, mmoja mmoja, wakakizunguka kisima. Alipoitwa yule aliyeandikishwa wa pili, akapewa kiwanja cha kumi na mbili, safu ya nyuma, hapo nikaelewa. Nilielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeona kabati lake limepinda baada ya kugongomea msumari wa mwisho.

Mzee mmoja, wa nne kwenye foleni, alipoitwa kiwanja cha thelathini na nne akalalamika. Alisema yeye alimtangulia hata huyu fundi seremala. Afisa akamwambia orodha imepangwa kitaalamu, na anayepinga mpango anapinga maendeleo ya wenzake. Akanielekezea kidole mimi kama ushahidi wa utaalamu. Mzee akanitazama. Mimi nilikuwa na penseli sikioni. Nikaiacha pale pale, na nikanyamaza.

Ningeweza kusema. Ungekuwa usumbufu wa nusu saa, zipangwe upya, watu wanung'unike, basi. Na usidhani nilinyamazia kiwanja. Namba yangu ilikuwa kumi. Zingepangwa sawasawa ningebaki palepale kwenye duara la kisima, kiwanja cha kumi badala ya cha pili. Nisingepoteza hata upenyo wa jembe. Nilichokuwa naogopa kupoteza ni yale makofi.

Jua lilikuwa limeinama walipofika kwenye jina la mwisho. Watu walikuwa wameshaanza kutawanyika. Mama yule akamshika mumewe mkono wakateremka mpaka kigingi cha mwisho, kwenye majani ya maji, na mzee alikuwa na kamba yake begani. Alisimama akageuza kichwa huku na huku. Alikuwa anasikiliza ndoo za kisimani. Nadhani hazikusikika.

Aliishi pale miaka. Mimi nilijenga nyumba yangu karibu na kisima, nikapanda minazi, nikapata heshima. Mtu alipotaka barua isomwe au kadi za chama zipangwe, alinijia. Kadi nilizipanga sawasawa toka siku ile, sikukosea tena. Na kila ilipopita wiki moja au mbili nilikuwa nateremka kwa watani wangu. Niliwapelekea benchi. Niliwapelekea kigoda kipya cha mzee, kwa mninga mzuri. Nilikuwa nafika na utani wangu, na mzee alikuwa ananijibu, lakini akiwa ndani. Alikuwa hatoki. Masika vyura walikuwa wanalia mpaka mlangoni na njia ilikuwa tope la kuteleza. Kiangazi njia ilikuwa inakatiza viwanja vya watu, na huwezi kufunga kamba katikati ya nyumba themanini za watu. Mkewe ndiye aliyekuwa akipanda na ndoo kichwani, akipita mbele ya mlango wangu, asubuhi mara mbili na jioni mara moja. Kamba ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, imekunjwa vilevile.

Siku moja nilimkuta mzee akinawishwa mikono. Mkewe alikuwa anammiminia kwa kata. Aliposikia sauti yangu akairudisha mikono nyuma, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Sisemi kiwanja kilimuua. Alikufa kwa uzee, kifua kikamzidi. Lakini nasema alikuwa mtu anayejitekea maji, na mimi nikamfanya mtu anayemiminiwa, na mkewe alikuwa amenieleza mapema kabisa kwamba hilo hasa ndilo analoliogopa.

Kwenye msiba wake nilikwenda kama mtani anavyokwenda. Msiba wa watu wa kwetu bila watani umepooza. Mtani anachukua nguo za marehemu anazivaa, anaigiza alivyotembea, anashuka kaburini anakataa kutoka mpaka apewe kitu. Wafiwa wanatakiwa wacheke ili roho zishuke. Basi nikachukua fimbo ya mzee, nikafumba macho, nikaanza kupapasa kati ya watu waliokaa mkekani. Nikasema kwa sauti yake, kiko wapi kisima changu? Nani ameiba kisima changu? Watu wakaanza kucheka. Nikasema, mimi ni namba tisa, yule Mzaramo mwizi wa nazi ameniweka chini ya rundo, amechukua kadi yangu akaipeleka kwa vyura, na anajua, na amenyamaza.

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyekiti alifuta machozi. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno walilipokea kama utani mzuri kuliko wote waliosikia mwaka ule. Nikashuka kaburini, nikalala, nikakataa kutoka, wakanipa kuku. Nilitoka na kuku wangu nikijisikia mwepesi. Nilijiambia, nimesema. Mbele ya watu wote, nimesema.

Yule mama alikuwa amekaa na kinamama wenzake, kanga imeziba mdomo. Sikuona kama alicheka.

Ikapita kama misimu miwili. Kazi kijijini ilikuwa imekuwa ndogo, mbao hazipatikani, nami nikasikia kwamba huku Kibaha, barabara ya Morogoro, fundi hakosi mlango wa kutengeneza. Nikaamua kuhamia Maili Moja. Kabla ya kuondoka nikateremka kwa mtani wangu, yule mjane. Nilimkuta anapepeta. Nikamwambia nahama, na kwamba ile nyumba na kiwanja nataka avichukue yeye, akae karibu na maji, amezeeka.

Hakuacha kupepeta. Akaniuliza kwa nini yeye, mimi nina ndugu.

Nikaanza utani. Nikasema Mnyamwezi ukimwachia nyumba anaigeuza stoo ya mizigo, lakini nitavumilia. Akaweka ungo chini.

"Leo acha utani, baba," akasema. Hajawahi kuniita baba kabla ya siku ile. "Mimi kusoma sijui. Kuhesabu najua. Mbele yangu walikuwa wanane, nyuma yangu ulikuwa wewe. Siku ile uliposimama wa pili na sisi tukaitwa wa mwisho, nilijua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa namngoja aliyezipanga kadi aseme. Msibani nikasikia umesema. Nikatazama watu, nikaona wanacheka, na wewe ukapokea kuku." Akachukua ungo, akautikisa kidogo, akauweka tena. "Mwenye kuhitaji kile kiwanja amelala. Mimi miguu yangu imezoea. Kiwanja sikitaki. Jumamosi kuna mkutano. Simama useme kama watu wanavyosema jambo, bila fimbo ya mtu. Wamjue mume wangu hakuwa wa mwisho. Wengine walikuwa wakisema alichelewa kuandikishwa kwa sababu ya upofu wake, na yeye alikuwa akiyasikia."

Hilo la mwisho sikuwa nalijua. Nikamwambia nitasimama. Nilimaanisha. Nilipanda kule juu nikiwa nimemaanisha kabisa, na nikapita kwenye njia ile aliyokuwa akipita na ndoo, nikaihesabu kwa hatua, nikaacha kuhesabu kabla ya kufika.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Alhamisi lilipita lori la mkaa linalokwenda barabara kuu, dereva akasema ana nafasi. Nikapakia vifaa vyangu, mke na watoto. Nikamwita balozi wa nyumba kumi, nikampa ufunguo, nikamwambia nyumba namwachia mtani wangu, yule mjane wa chini kule, kwa hisani tu, kwa sababu ya utani wetu. Balozi akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema watu kama mimi wamebaki wachache. Nasikia Jumamosi ile, kwenye mkutano ule ule ambao ningesimama kukiri, walinitaja wakanisifu. Yeye alikuwa amekaa pale, akisikiliza.

Mimi nimefanya mabaya mengine maishani, na mengi nimeyasahau, nayo yamenisahau. Hili nililifanya mara tatu: mara ya kwanza kwa kutojua, mara ya pili kwa kunyamaza, na mara ya tatu kwa kugeuza haki yake kuwa zawadi yangu.

Hakuhamia. Balozi alikuja kuniambia, miezi kadhaa baadaye, kwamba mama yule amekataa ufunguo, na nyumba wamempa mwalimu wa shule. Alikuja na mzigo wangu aliopewa na mama huyo. Ulikuwa kamba. Ile ile, imekunjwa vilevile, ina vumbi la moshi wa miaka. Nikauliza kama alituma neno. Balozi akasema hakutuma neno, alisema tu nipewe, nitajua pa kuifunga.

Imetundikwa karakanani mpaka leo. Siku moja fundi mmoja aliishusha afungie kabati juu ya mkokoteni, nikamfokea mpaka akaacha kazi, na sikumweleza. Jana, baada ya mjukuu wangu kurudi Dar, nikaishusha mwenyewe. Aliniaga akiwa ameshaitengeneza mashine yake. Aliongeza maneno machache tu, akaiambia hizi ni namba, na tisa ikapanda yenyewe ikakaa juu ya kumi. Haikumchukua hata muda wa kunywa chai.

Nikaifungua kamba ile uani kwangu kwa mara ya kwanza. Nikaitandaza kutoka mlango wa karakana, nikapita kwenye benchi za mbao, nikatoka getini, nikaenda nayo njiani mpaka ikaisha, na nikahesabu. Hatua sabini na moja. Kutoka kigingi cha kiwanja cha tisa mpaka kwenye mdomo wa kisima ni hatua sitini na sita. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyevuta kamba ya kupimia. Zingebaki tano za kufungia mlangoni na kisimani.

Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri, yule mzee asiyeona. Hakuchelewa kuandikishwa. Alikuwa wa tisa, mbele yangu.